Siku za utamaduni wa mpakani hapa Lubumbashi: tuweke nini zaidi ya konferansi na ngoma?

letters_kassapa

Jambo wote. Niko mwanafunzi wa Letters, fakulte ya lugha na fasihi, pale Kassapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), na wamenitia mu komite inayotayarisha siku tatu za sanaa na utamaduni za fakulte, mwezi wa kumi kabla mvua haijaanza kweli. Theme ni utamaduni wa mpakani, yaani sisi na Zambia: Kasumbalesa, Mokambo, Sakania, mpaka kule Luapula. Wazo ni zuri, sina ubishi. Lakini programu ilipoletwa nikaisoma nikachoka: asubuhi konferansi ya maprofesa kwa Kifaransa, mchana konferansi tena, jioni ngoma za kila kabila watu wamevaa rafia, halafu kokteli ya waalikwa. Siku ya pili vilevile. Mama anayevuka Kasumbalesa na gunia kichwani hayumo. Dereva hayumo. Mzambia hata mmoja hayumo, sasa huo mpaka una upande mmoja tu au vipi?

Nikasema mu mkutano, wakaniambia basi leta mapendekezo kwa maandishi kabla ya Ijumaa. Kwa hiyo naja kwenu. Mngekuwa ninyi mngeweka nini? Na je kuna mtu amewahi kualika wanafunzi wa kule Kitwe, Zambia, wakaja na vyombo vyao vya muziki, inaendaje pale mpakani? Na lugha tufanyeje, maana wao Kiingereza sisi Kifaransa, na tukianza kutafsiri kila neno watu watalala. Bajeti ni ndogo ya kuchekesha, sono (vyombo vya sauti) na viti vishakula nusu yake, na grupu (jenereta) lazima ikodiwe maana umeme ukikatika ndo mwisho wa kila kitu.

mzee_wa_kamalondo

Mwanangu umesema vizuri, ila konferansi usizitupe zote. Bakisha moja, na umpe mtu anayejua kusimulia bila kusoma karatasi. Vijana wengi wa Lubumbashi wanafikiri ule mpaka aliuweka Mungu. Mpaka umetoka kwenye mapatano ya Waingereza na Leopold, mfalme wa Wabelgiji, ya 1894, hayo ndiyo yaliyoacha ile botte ya Katanga, kile kipande cha nchi yetu chenye umbo la kiatu, ikaingia katikati ya Zambia. Chukua ramani uangalie. Mpaka leo Mzambia wa Mansa akitaka kufika Mufulira kwa njia ya mkato anavuka Luapula kwenye daraja la Chembe, lile lililofunguliwa 2008, anaingia kwetu, anatembea karibu kilometa 70 ndani ya Congo, anatokea Mokambo. Anaiacha nchi yake ili afike nchi yake! Hiyo ramani ichoreni kubwa ukutani pale mlangoni, mtu aione kabla hajasikia hotuba yoyote.

Na waliokaa pale hakuna aliyewauliza. Walamba wako huku kwa chifu Kaponda na wako kule Ndola. Wakaonde wako pande zote mbili. Walunda wa Mwata Kazembe asili yao ni kwa Mwant Yav, mfalme mkuu wa Walunda wa huku Congo, wakavuka Luapula, na kila mwisho wa Julai pale Mwansabombwe wanafanya Mutomboko, mfalme mwenyewe anacheza na upanga mkononi. Mji wetu huu umeanza 1910, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipofika. Union Minière, kampuni ya migodi iliyoundwa 1906, ilichukua vibarua wengi sana kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kabla ya migodi ya shaba ya kule, ya Copperbelt, kupanuka, kwa hiyo Kibemba mnachokisikia sokoni hakikuletwa na televisheni ya Zambia. Kamalondo ya utoto wangu kila uwanja ulikuwa na mtu mwenye kaka Luanshya au shangazi Ndola.

Sasa hilo jambo la rafia. Sina ugomvi na rafia, lakini ngoma za mpakani zenyewe watu walizicheza wamevaa suruali. Tafuteni habari za Kalela. Miaka ya 1950 pale Luanshya vijana wa mgodini walikuwa wanacheza Kalela wamepiga pasi, viatu vinang'aa, wanaimba kutania makabila ya wenzao na kujisifu wao. Kuna mtaalamu mmoja wa jamii, J. Clyde Mitchell, alitoa kitabu kizima juu yake 1956. Na ukifuata mizizi ya Kalela unafika kwenye Mbeni, ngoma ya magwaride iliyotoka pwani kwa Waswahili ikapanda bara na askari na vibarua. Yaani ngoma imetoka baharini imekuja mpaka kwenye shaba, halafu chuo kinataka kuonyesha "asili" kwa kuwavisha wanafunzi majani.

Gitaa pia msilisahau. Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, amezaliwa 1930. Hugh Tracey, yule mzungu aliyezunguka kurekodi muziki wa Afrika, alimkuta Likasi, wakati ule Jadotville, akamrekodi 1952, na lile gitaa lake la gumba na kidole cha shahada likasikika mpaka Nairobi. Amefariki 1990 kwa ajali ya gari, na ajali yenyewe ilikuwa Zambia. Hapo una mpaka mzima mu maisha ya mtu mmoja. Wazee wanaopiga namna ile bado wako Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, wengine hawana hata gitaa, wakodisheni gitaa.

dereva_wa_foleni

Wakuu habari zenu. Mimi Mtanzania, dereva wa lori, nimo foleni hapa Kasumbalesa nimetokea Dar, kwa hiyo muda wa kuandika ninao tele hahaha. Nimeuona uzi huu nikasema leo na sisi tumekumbukwa.

Mnajua utamaduni wa mpakani mimi nauona wapi? Kwenye usukani. Zambia tunapita kushoto, ukivuka hapa unahamia kulia, na usukani wako bado uko upande wa kulia. Ukitaka kuovateki huoni kitu, utingo ndiye anayetoa kichwa dirishani anakwambia "twende" au "bado", roho yako iko mikononi mwa kijana wa miaka ishirini. Na nyie wenyewe hapo Lubumbashi mabasi yenu mengi madogo ni ya usukani wa kulia, yameletwa yamekwishatumika, mlango wa abiria unafungukia katikati ya barabara! Mara ya kwanza nimeona mama anashuka na mtoto mgongoni kwenye upande magari yanapita nikafumba macho. Konda anashuka kwanza, ananyoosha mkono anasimamisha magari, mama anazunguka nyuma ya basi, maisha yanaendelea. Hiyo peke yake mtu wa tamthilia anaitoa dakika kumi watu wanavunjika mbavu, na hakuna anayehitaji kutafsiriwa.

Jingine ni maandishi ya nyuma ya malori. Hapa kwenye foleni nasoma bure siku nzima: Kiswahili, Kibemba, Kiingereza, Kifaransa kilichoandikwa na mtu asiyejua Kifaransa, mistari ya Biblia, mafumbo kwa wake wa watu, majina ya watoto. Mpeni mwanafunzi mmoja mwenye simu yenye kamera nzuri aje Kasumbalesa siku moja tu atembee kando ya foleni, atarudi na ekspo nzima. Mwombe dereva ruhusa kwanza lakini, wengine hawapendi, na namba za gari zifunikwe.

Kuhusu vyombo vya muziki kuvuka: waambie hao wa Kitwe waandike orodha ya kila kitu, gitaa moja, ngoma tatu, bafle mbili, na namba za nyuma ya vifaa kama zipo, waonyeshe wakati wa kutoka kwao na wakati wa kuingia kwenu, igongwe muhuri pande zote. Wasipofanya hivyo siku ya kurudi wataulizwa ushuru wa vitu vyao wenyewe. Barua ya chuo iwe na lugha mbili. Na waje asubuhi mapema siku ya katikati ya juma.

kijana_annexe

Samahani mie niko na swali la ubishi. Tunasherehekea nini hasa? Mpaka ni bei. Bunga, yaani unga, ikipanda bei Zambia, sisi tunalala njaa. 2024 walipopata ukame mkali, serikali yao ikatangaza janga la taifa, hapa kila mtu alikuwa anatafuta gunia kama dhahabu. Agosti mwaka uleule Zambia ikafunga mpaka siku kadhaa sababu ya ugomvi wa bia na ma-soda, malori yakasimama. Sasa wanafunzi wanapiga ngoma eti utamaduni wa mpakani unatuunganisha. Unatuunganisha na madeni.

Sisemi msifanye. Nasema kama hakuna mu programu mahali pa kusema hayo, basi ni kokteli tu.

letters_kassapa

@kijana_annexe hilo ndilo linanikereketa na mimi. Lakini nikiweka "meza ya mazungumzo juu ya bei ya unga" watasema hiyo ni ya fakulte ya Economie, si ya Letters.

@mzee nimechukua ramani na Kalela. @dereva nimechukua vyote.

mama_wa_bunga

Nimesoma yote. Miye njo ule mama wa gunia munasemea hapa juu, mutoto wangu ananisomea na kuniandikia sababu macho haiko muzuri na simu ni ndogo.

Mambo ya kwanza. Mukitaka bamama ba Kasumbalesa bakuje Lubumbashi, mulipe siku yabo. Transport kwenda na kurudi, na makuta (feza) ya ile siku. Mama akiacha kuvuka siku moya, ile mangaribi batoto habakule. Tulisha kuitwa mara mingi na batu ba miradi, banatuketisha pa viti ya nyuma, banatupatia soda moya na kofia ya plastiki, banapiga picha, banaenda. Ile picha bananunua nayo motokari yabo, siye tuko tu na kofia.

Mambo ya pili, musitusimamishe pa jukwaa sawa sanamu, "muone mama wa mpaka". Tunajua kusolola, kuzungumuza. Mutuulize. Tunajua kuhesabu kwacha, franka na dola mu kichwa kwa mara moya, na muzungu na mashine yake hatatushinda. Mie ninaongea Kibemba, Kiswahili, Kisanga, Kizungu ya Zambia kidogo ya kulombea bei, na Kifaransa ya kulombea musamaha. Mu njia tunaimba. Mukitaka nyimbo, ziko, ila zingine haziwezi imbwa mbele ya profesa.

Mambo ya tatu njo chakula na hapa musikilize muzuri. Musipike mapilau ya envitasio. Mupike bukari, njo ugali. Lakini mupike mbili. Leta mama wa Chililabombwe, kule Zambia, apike nshima yake na leta mama wa Lubumbashi apike bukari yake, kila mutu na chungu yake, kila mutu na mwiko yake, mbele ya batu. Mutaona vita. Kule ile bunga ya breakfast ni mweupe kabisa, laini, banapenda ile. Ile ya roller inabakia na maganda kidogo, ni ya bei ya chini lakini inashibisha mutu wa kazi. Siye huku tunachanganisha na bunga ya mihogo kidogo ili ivutike, Muzambia akiiona anakunja uso, anasema hii inanata mu meno. Anakula, anamaliza, anarudilia. Boga: sombe (majani ya mihogo), ndakala (samaki ndogo) na kikanda ile ya mizizi na karanga; ya kunywa, munkoyo ya mahindi. Kikanda na munkoyo biko pande zote, hapo hakutakuwa vita, kutakuwa tu kujisifu nani anakoroga muzuri.

Na ule kijana wa Annexe anasema kweli. Mambo ya bei musiiondoe. Mukiwa pa chungu muulize mama: hii gunia umenunua ngapi mwaka huu, mwaka ule ya ukame ilikuwa ngapi, ulifanya nini ile siku bafunga mpaka? Atawaambia akiwa anakoroga. Haina lazima ya kuiita fakulte ya kitu gani.

dereva_wa_foleni

Mama umemaliza. Mimi naomba kiti karibu na hiyo ya roller.

rangi_na_gunia

Mimi ni fundi wa afishi na vibao vya maduka hapa mtaa wa Kenya, na ninachora picha pia wateja wakiwepo. Naona mnasahau kitu kiko mbele ya macho. Wachoraji wa zamani wa Katanga turubai yao ilikuwa nini? Gunia la unga. Tshibumba Kanda Matulu, yule aliyechora historia nzima ya nchi picha zaidi ya mia miaka ya 1970, tangu mababu, Wabelgiji, Lumumba, mpaka mambo ya siku zake, alikuwa anafanya kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Hizo picha leo ziko Ulaya, na nyumba za hapa Lubumbashi zilizokuwa na picha sebuleni, mamba muntu (nguva), colonie belge (enzi ya Wabelgiji), mji unaowaka, siku hizi zina kalenda.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kusanyeni magunia ya unga yaliyotoka Zambia, mama hapo juu atajua pa kuyapata, wapeni vijana wa Académie, chuo cha sanaa, na sisi mafundi wa mtaani, kila mtu achore mpaka anavyoujua. Siku ya kwanza tunachora mbele ya watu, siku ya tatu tunauzisha, nusu kwa mchoraji, nusu inalipa zile transport za bamama. Angalizo la fundi: magunia mengi sasa ni ya plastiki iliyofumwa, ukiikunja rangi inapasuka na kubanduka, kwa hiyo yabaneni kwenye fremu ya mbao kwa misumari mapema, rangi ipigwe nyembamba mara mbili, na msiyakunje tena. Maandishi ya kiwanda na picha ya mahindi kwenye gunia msiyafiche, yaacheni yaonekane kwa chini, hayo ndiyo mazuri.

Na misalaba ya shaba pia. Mafundi wa kugonga shaba wako wengi hapa mjini, na ule msalaba mdogo wa zamani ambao watu walikuwa wanautumia kama fedha umekutwa Katanga na umekutwa Zambia. Mpeni fundi mmoja kona yake agonge, kelele yake itavuta watu kuliko mikro.

katubois_texas

Salamu kutoka mbali, mie ni mtoto wa Katuba, niko Texas miaka mingi. Nacheka peke yangu kusoma hii sababu huku niliko mpaka na Meksiko ndo chakula cha kila siku, na vyuo vya mpakani navyo vinafanya sherehe za namna hiyo, vitabu, muziki, maigizo, watoto wa shule za msingi wanaletwa kwa mabasi, na lugha zote mbili zinakwenda pamoja bila mtu kutafsiri kila neno.

Nilipita El Paso kwa kazi. Chuo chao kiko juu ya kilima, unasimama pale unaona nyumba za Ciudad Juárez kwa macho, na wako wanafunzi wanaolala Juárez kwao Meksiko, asubuhi wanavuka daraja kwenda darasani, jioni wanarudi. (Majengo yenyewe ya chuo yamejengwa kwa mtindo wa Bhutan, usiniulize sana, Wamarekani wana mambo yao.) Mpaka wao ni mto, Rio Grande, na mto una tabia ya kuhama. Karne ya 19 ukahama, kipande cha ardhi kinachoitwa Chamizal kikajikuta upande wa Marekani, nchi mbili zikabishana karibu miaka mia, ikaja kuisha kwa mapatano ya 1963 na mto ukajengewa mfereji wa saruji ili usihame tena. Leo upande wa Marekani kuna bustani ya ukumbusho hapo hapo, yenye ukumbi wa maigizo. Yaani mahali pa ugomvi wamepageuza pa sanaa. @kijana_annexe hakuna aliyesema wanapendana kila siku, ukuta uko, polisi wako, na siku ya sherehe wanaimba hayohayo, nyimbo zao za corrido zimejaa habari za watu waliokimbizana na askari wa mpakani.

Na kule Brownsville, chini kabisa ya Texas, tangu 1938 wana sherehe inaitwa Charro Days wanaifanya na jirani zao wa Matamoros. Kitu kilichonipendeza: wakubwa wa miji miwili wanatoka kila mtu upande wake wanakutana katikati ya daraja, wanapeana mikono. Dakika chache tu, lakini picha hiyo inabeba sherehe yote.

Kwa hiyo swali langu kwa letters_kassapa: kwa nini lazima kila kitu kiwe Kassapa? Siku moja kati ya tatu ipelekeni Kasumbalesa. Ni kama kilometa 90 tu.

letters_kassapa

Yaya, wazo hilo lilinipita kichwani lakini ruhusa! Pale ni mahali pa ushuru na polisi na uhamiaji, ukiwa na kamera na ngoma unahojiwa saa nzima. Na wakubwa wa fakulte hawatapanda basi kwenda kukaa juani.

mzee_wa_kamalondo

Basi wasiende. Nani kawaita. Lakini mie naona kijana wa Texas amesahau kwamba daraja lao lina nafasi, Kasumbalesa ni malori mpaka unakosa pa kukanyaga, ukipiga ngoma pale unazuia watu wanaotafuta riziki. Siungi mkono sherehe pale kwenye kizuizi chenyewe. Fanyeni mu mji wa Kasumbalesa, kwenye shule au parokia, mbali na foleni, mchana tu, na mwandikie meya mapema.

Halafu kuna kitu cha kwetu cha kuiga kabla ya kwenda Texas. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu wa historia wa UNILU walikuwa na mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wakapita mu nyumba za watu kuomba vitu na masimulizi, vikaonyeshwa pale museum: vyombo vya jikoni, picha za harusi, nguo za kazi, vitu ambavyo mwenyewe angesema ni takataka. Watu wa Kamalondo walioingia museum mara ya kwanza maishani waliingia kuangalia sufuria zao. Rudieni hiyo kwa mpaka. Kila mwanafunzi alete kitu kimoja kutoka kwao kilichovuka: redio ya babu iliyonunuliwa Kitwe, blanketi, barua, noti za kwacha za zamani, picha ya shangazi aliyeolewa Ndola. Pembeni karatasi yenye mistari mitatu: kilivuka lini, nani alikivusha, kwa nini. Haigharimu kitu.

kijana_annexe

Hiyo ya vitu imenishinda, nakubali nitaleta. Nyumbani tuko na baiskeli moja nyeusi ya chuma ambayo marehemu baba alikuwa anavushia unga kwa njia za porini, ina kibao cha mbao nyuma cha kubebea magunia, kibao chenyewe kimelika katikati kwa kamba. Lakini maelezo yake nitayaandika mie, msije mkaniandikia "urithi wa mshikamano". Nitaandika alibeba magunia mangapi na mgongo ukamwishia vipi.

rangi_na_gunia

Andika hivyohivyo. Na uniruhusu niichore.

letters_kassapa

Nimeketi usiku nimeandika upya, naomba mniangalizie kabla sijapeleka. Siku ya kwanza Kassapa: ramani mlangoni, vitu vilivyovuka mu ukumbi, wachoraji wanaanza na magunia, konferansi moja tu, na msimuliaji wake nimependekeza mzee asiye profesa pamoja na profesa mmoja, wanaongea Kiswahili, wageni wa Zambia wanakaa na wenzao wa kuwanong'oneza. Jioni gitaa. Siku ya pili tunapanda basi, Kasumbalesa, mu shule, vyungu viwili, nyimbo za bamama zile zinazoimbika, Kalela kama tutapata wa kuicheza upande wa kule, na picha za maandishi ya malori zinatundikwa kwenye kamba kama nguo. Siku ya tatu tunarudi mjini kuuzisha magunia, na tamthilia ya basi la mlango wa upande mbaya, wale vijana wa tamthilia wameshaanza mazoezi bila kungoja ruhusa ya mtu.

Kokteli nimeiondoa, hela yake nimeiandika "malipo ya siku kwa washiriki wa Kasumbalesa". Najua watanishambulia hapo. Mkuu mmoja tayari kanipigia simu anauliza waalikwa watakula wapi, nikamwambia pa chungu.

mama_wa_bunga

Waalikwa bale pa chungu kama batu bengine, bapange mustari. Lakini mutoto, umesahau kuandika kuni na makala (makaa). Chungu mbili za bukari ya batu mia mbili unapika na nini, na konferansi? Andika makala gunia tatu, miiko mikubwa ine, mabeseni ya kunawia, maji, na batu babili ba nguvu ba kukoroga sababu mikono ya bamama itachoka. Na munkoyo inatakiwa kutayarishwa siku mbili mbele, basi mutume makuta ya mahindi na mizizi yake mapema, habatakopesha. Ndoo nitaleta za kwangu, nimeandika jina chini. Zirudi zote.